Mlango wa Buluu

Kisa hiki nilisimuliwa na binti mwenyewe likizo iliyopita, tukichambua mchele kibarazani kwangu. Nyumbani kwao wanamwita Mbishi, na jina hilo halimkeri hata kidogo.

Mbishi alilala chumba kimoja na shangazi yake, dada mkubwa wa baba. Kila asubuhi alikunja chandarua, akafagia, kisha akaenda shule. Jumamosi moja baba, ambaye ni fundi rangi, alileta rangi iliyobaki kazini: kopo la rangi ya maziwa na kopo la buluu iliyokolea.

"Pakeni ya maziwa," mama akasema. "Chumba kipate mwanga."

"Mimi nataka buluu. Jua la mchana linatuchoma mle ndani. Buluu inapoza macho," Mbishi akabisha.

"Unataka kulala ndani ya chungu?"

"Chungu changu, mama."

Baba alicheka. Mama hakucheka.

Wazazi walipotoka, Mbishi alishika brashi. Kufikia alasiri kuta zote nne zilikuwa buluu. Mama aliporudi alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Utaifunika rangi hiyo."

"Siifuniki."

Jioni shangazi, ambaye macho yake yamefifia, aliinuka kitandani atoke nje. Akapapasa ukutani, akaupita mlango, akajigonga kwenye kabati. Kiganja chake kilikuwa buluu tupu.

Mbishi alimkimbilia. "Shangazi, mlango huu hapa."

"Nilikuwa nauona kwa weusi wake kwenye ukuta wa chokaa, mwanangu. Sasa kila mahali ni giza."

"Mbona hukusema mapema?"

"Uliniuliza?"

Mbishi alimshika mkono, akampeleka hadi nje.

Kesho yake alipaka kuta rangi ya maziwa. Mkono wa kwanza wa rangi, buluu ikachungulia. Wa pili, bado. Wa tatu ndipo ikazama, na bega likimuuma kwelikweli.

"Sasa mlango nao," mama akasema. "Ufanane na milango mingine ya nyumba, yote ni myeupe."

"Mlango hapana."

"Umeanza tena?"

"Nimeanza. Ukiwa mweupe kama ukuta, shangazi ataupataje? Kuta nitapaka hata mara kumi, mama, ila mlango ni buluu."

Mama alimtazama wifi yake, ambaye aliitikia kwa kichwa.

"Haya, paka. Na fremu usiisahau."

Shangazi akamvuta Mbishi karibu. "Sitaki uache ubishi. Jana ulibisha bila kumuuliza unayelala naye chumba kimoja, nikaumia mimi. Leo umejua shida yangu kwanza, ndipo ukabisha. Ukitaka kushikilia jambo, uliza kwanza litamgusa nani."

Usiku ule, kwa mwanga wa taa, shangazi aliuona mlango wa buluu, akatoka kunywa maji, akarudi bila kugusa ukuta. Akajifunika, na punde akaanza kukoroma. Mbishi alibaki akiziangalia kuta. Moyoni bado aliona buluu ingezipendeza zaidi, na hakuna ambaye angemwambia vinginevyo. Kisha naye akalala.