Jina la Biji

Harjit na Njambi walikutanishwa na kioo. Ilikuwa Jumamosi mchana, mwaka wa themanini na saba, Barabara ya Tom Mboya imefurika watu. Harjit na Kisilu, msimamizi wa karakana yao ya vioo, walikuwa wanampelekea mteja kioo kirefu cha kabati, wakasimama kupumzika. Msichana mwenye gauni la manjano, mabega yametuna kwa sponji kama mtindo wa siku zile, akasimama mbele ya kioo, akatoa rangi ya mdomo mkobani na kujipaka bila haraka yoyote.

"Dada, ukimaliza utuambie," Harjit akasema kutoka nyuma ya kioo. "Mikono inatuuma."

"Shikilia tu, bado mdomo wa juu."

Alipomaliza akachungulia amwone anayejibizana naye. Akakuta kilemba cha buluu, ndevu zilizochanwa vizuri na macho ya kucheka. Kisilu alisema baadaye kwamba angejua mambo yatafika wapi, angedai ada ya mshenga pale pale.

Ya katikati nitayapitia mbio, maana yalikuwa machungu na sina hamu ya kuyarefusha. Zilikuwapo simu za kuibia, kutoka karakana ya Ngara hadi ofisi ya bima kule Westlands alikokuwa Njambi akipiga taipu. Mzee Macharia wa Kabiria, babake Njambi, aliuliza kama wanaume wa Kikuyu wameisha. Mama yake Harjit, mjane aitwaye Jaswant lakini akijulikana na mtaa mzima kama Biji, yaani mama kwa Kipunjabi, alilia mwaka mzima. Mwishowe wakaoana kwa msajili wa ndoa, wakakaa kwa Biji huko Ngara. Biji alimpikia Njambi, akamuuliza kama amelala salama, lakini hakumtazama usoni hata siku moja. Hilo lilimuumiza Njambi kuliko matusi.

Mwaka wa tisini na moja akajifungua mtoto wa kike, akaona Mungu amempa njia. Kwao binti wa kwanza hupewa jina la mama wa mume, na hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Ni kumwambia mama huyo kwamba hataisha. Njambi aliificha zawadi yake mpaka saa ya kuona wagonjwa, kisha akaitoa mbele ya wote wodini. Mtoto anaitwa Jaswant.

Biji akajifunika mtandio wake mweupe, akasema amechoka, akaomba kurudishwa nyumbani. Harjit akasema jina ni zuri. Alijua jambo ambalo mkewe hakulijua. Katika nyumba yao jina la mkubwa halitajwi hovyo, na yeye mwenyewe hakuwahi kulitamka jina la mama yake tangu azaliwe.

Biji hakula siku mbili. "Nitakemewa kila siku nikiwa hai," akamwambia mwanawe. "Jaswant wacha kulia, Jaswant umejikojolea tena. Mke wako ananizika, Harjit."

Angemweleza mkewe siku ile ile, yangeisha. Lakini Harjit, kijana mzuri kwa mengine yote, alikuwa mwoga wa kuudhi watu. Akampeleka mama yake kwenye hekalu la Masingasinga, kitabu kitakatifu kikafunguliwa kutafuta herufi ya kuanzia jina, ikatoka K, na kwenye fomu ya hospitali akaandika Kiran. Njambi hakuambiwa. Wiki sita Harjit alilala kando yake akijiambia kesho nitasema, na kila kesho ilimpita.

Njambi aliyajulia kliniki, siku ya chanjo. Nesi aliita Kiran mara tatu, na Njambi akakaa tuli akimsikitikia huyo mama asiyesikia, mpaka nesi akaja kumwonyesha kadi.

Jioni Harjit alikuta nguo za mkewe hazimo kabatini.

Simu ya karibu na kwa Mzee Macharia ilikuwa dukani kwa Phoebe. Harjit aliipiga kila mchana, Phoebe akatuma mtu, jibu likawa Njambi ananyonyesha. Siku ya tano Njambi akaja mwenyewe kwenye simu.

"Mpenzi, rudi nyumbani tuongee."

"Ulipokuwa ukiandika uliongea na nani?"

"Njambi wangu..."

"Nijibu, Harjit."

Harjit akaanza tena na mpenzi, na simu ikakatwa. Kesho yake Phoebe akamnong'oneza kwamba mzee ametoa siku. Harjit asipofika na maneno ya maana kabla ya Jumapili, mtoto atabatizwa huko huko kwa jina la huko, na ndoa ihesabiwe imekwisha.

Usingizi ukamhama. Alikata vioo vitatu kwa kipimo kibaya, mpaka Kisilu akamnyang'anya kisu cha kukatia. Mchana ule Biji alileta chakula karakana kama kawaida yake. Kisilu alimfanyia kazi marehemu mumewe miaka ishirini bila kugusa habari za nyumba yao hata mara moja, lakini siku hiyo alivuta kiti. Akamweleza kuwa Wakamba nao, kama Wakikuyu, huwapa watoto majina ya nyanya zao. Binti yake alipopewa jina la nyanyake, bibi kizee huyo, na magoti yake mabovu, alitembea nusu siku ili akajione mwenyewe katika mtoto.

"Mama, yule msichana hakukuzika," akasema. "Amekuzaa."

Biji akainuka. Alifunga vyombo, akamwambia mwanawe awashe gari.

Kabiria waliketishwa sebuleni, kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma. Mzee Macharia hakumpa Harjit mkono. Njambi akatoka chumbani na mtoto, macho yamemvimba kwa kulia.

"Utakuwa unanikemea kila siku?" Biji akamuuliza.

Njambi alichelewa kuelewa. Alipoelewa, akakaa chini karibu naye. "Biji, mimi pia silitaji jina hilo hovyo. Kwetu mtoto mwenye jina la mama mkwe, sisi humwita mama. Namwita mama tangu azaliwe. Hujawahi kunisikia?"

Biji akainua macho, akamtazama mkwewe usoni, akamtazama sana. Kisha akanyoosha mikono apewe mtoto. Harjit akashusha pumzi, akaanza kutabasamu.

"Wewe ngoja," Njambi akasema. "Mama yako nimemwelewa. Lakini wewe ulijua yote, ukanyamaza wiki sita."

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

"Nyinyi wote wawili. Nakupenda, Njambi. Niliona nikifungua mdomo nitampoteza mmoja."

"Basi ufungue sasa. Mwite mtoto kwa jina nililompa. Hapa hapa, mama yako akisikia."

Mzee Macharia akaweka kikombe chini. Harjit akamgeukia mama yake, na mama yake hakumsaidia, alikuwa ameinamia mtoto. Njambi aliinuka akasimama mlangoni pa chumba, na Harjit alijua akiingia mlango ule hatatoka tena kwa ajili yake. Miaka thelathini na moja hakuwahi kulitamka neno lile.

"Jaswant," akasema.

Mtoto alikuwa amelala. Aliyeitika ni Biji.