Kiberiti na Dokta wa Maini

Kiwiko cha kwanza kilimpata Kiberiti mdomoni, cha pili mbavuni, na kabla hajajua amtukane nani, geti la uwanja wa mpira liling'oka na umati ukammwagikia.

Wiki nzima redio ilikuwa ikitangaza, kwa sauti ya bashasha kama inaalika watu harusini, kwamba sekta ya afya ndiyo inayoongoza kwa ajira. Inaongoza kwenda wapi, sijui. Asubuhi ile nafasi za wauguzi zilikuwa chache, waliozipata wangetosha kukaa benchi moja, na waliokuja kuzigombania walijaza uwanja mpaka barabarani. Walikuwamo vijana waliomaliza chuo juzi na watu wazima wenye mvi, kila mmoja amekumbatia bahasha ya vyeti kama mtoto mchanga. Ndani ya hospitali muuguzi mmoja anahudumia wodi nzima mpaka miguu inamvimba. Nje wauguzi wenzake wanakanyagana wapewe nafasi ya kumsaidia. Aliyepanga mambo haya ningekutana naye, ningemzaba kofi.

Kiberiti, jina alilopewa chuoni kwa jinsi alivyokuwa akiwaka upesi, alitambaa mpaka ukutani. Blauzi yake nyeupe, aliyoipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe, ilikuwa imejaa matope na damu, na kiatu kimoja kimekwenda zake. Pale ukutani alilala mwanamume anayepiga mayowe, mkono wake umepinda mahali pasipo na kiungo. Kiberiti alisahau mdomo wake uliopasuka. Alipiga magoti akaushika ule mkono, na papo hapo vidole vingine, vinene na vyenye nguvu, vikaushika pia.

"Achia," alisema Kiberiti.

"Achia wewe. Ukiuvuta hivyo mfupa utatoboa ngozi."

"Wewe nani?"

"Muuguzi. Nimesomea chumba cha upasuaji."

"Mbona unanuka nyama mbichi?"

Mwenye vidole vile alicheka, katikati ya mayowe yote yale. Alikuwa mrefu, mabega mapana, shati la bluu limechanika begani. "Kwa sababu nauza nyama, dada. Chuo nilimaliza zamani, ajira haikuja, tumbo likaja. Shika hapo juu, mimi nashika chini. Na wewe kaka, tukana tu, usijizuie."

Majeruhi aliwatukana vizuri sana. Mkono uliponyooka walihitaji kitu kigumu cha kuufungia, na Kiberiti akatoa bahasha yake ya vyeti.

"Rudisha," alisema muuza nyama. "Yako bado safi. Yangu imeshazoea damu." Akaikunja bahasha yake, akaufunga mkono kwa mkanda wa suruali yake, na majeruhi akapakiwa kwenye gari la wagonjwa, yeye na vyeti vya mtu. Kiberiti aliingia kwenye usaili na kiatu kimoja akapata kazi. Yule mwingine aliambiwa asiye na vyeti asipoteze muda wa watu.

Basi utampendaje mtu wa hivyo? Kiberiti alimpenda vibaya sana. Kila akitoka zamu alipitia buchani kumtazama akifanya kazi, na aproni yake nyeupe na buti za mpira. Alikuwa akitenganisha nyama na mfupa taratibu, bila kuchana hovyo, na wateja walimwita Dokta.

"Dokta wa maini," Kiberiti alimwambia kwa simu, "umeshapasua wagonjwa wangapi leo?"

"Wote wamekufa, mpenzi. Wewe umekula?"

"Nitakula saa ngapi, na wodi imejaa mpaka chini ya vitanda?"

"Nimekuwekea ini."

"Mimi paka?"

"Paka angekuwa na shukrani."

Kilichobaki kilikuwa ndoa, na ndoa ilikwama kwa mama yake Kiberiti. "Mwanangu nimemsomesha, ameajiriwa, halafu aolewe na mtu wa kisu?" alisema mama. "Huyo bwana apate kazi aliyoisomea kwanza. Akishaajiriwa, alete wazee wake hata siku hiyo hiyo." Dokta alisikia, akatafuta nakala mpya za vyeti vyake, akaendelea kuomba kazi kila ilipotangazwa.

Ajira yenyewe nayo ikageuka. Hospitali ilitangaza kwamba kuanzia sasa hakuna mfanyakazi wa kudumu; wote watakuwa chini ya wakala, kwa mikataba ya miezi michache, na anayelalamika mlango uko wazi. Wakala alikuwa bwana mmoja wa suti inayong'aa, marashi yake yanaingia chumbani kabla yake. Wauguzi waligoma. Siku ya kwanza askari waliwafuata getini na virungu. Mkunga mmoja, mama wa watu mpole, aling'olewa meno ya mbele akiwa ameinua mikono juu. Kiberiti alimwokota chini, akamfuta damu kwa kanga yake, na tangu hapo hasira haikumtoka. Ndiye aliyeshika kipaza sauti. Ndiye aliyepanga watu getini.

Asubuhi iliyofuata simu yake iliita.

"Kiberiti changu, kuna kazi nimepata."

"Kazi gani?"

"Tukae nikueleze. Si ya kusema kwa simu."

"Nikae wapi, mpenzi, huku kumechafuka! Wakala analeta watu wa kushika nafasi zetu. Wasaliti kwenye basi! Wakipita hapa nitawapasua vichwa, nakuapia."

"Kiberiti, nisikilize..."

"Baadaye, Dokta. Wanakuja." Akakata. Simu iliita tena na tena mfukoni mwake, lakini kwa makelele yale nani angeisikia?

Basi dogo lilikuja mbio, limefunga madirisha. Ndani watu walikuwa wamevaa barakoa, si kwa ajili ya maradhi, bali wasijulikane sura. Mgomaji mmoja alibamiza ubavu wa basi kwa rungu, mwingine akavunja taa, kioo kikamwagika barabarani. Askari walianza kupiga yeyote aliye karibu. Kiberiti aliokota jiwe lililojaa kiganja. Aliona barakoa moja nyuma ya kioo, na akilini mwake akaona meno ya yule mkunga pale chini. Alirusha kwa nguvu zake zote.

Na wakati huo huo dirisha likafunguliwa.

Jiwe lilipita pale penye uwazi. Lilimpata yule mtu juu ya jicho, kwa mlio ambao Kiberiti aliusikia hata katika ghasia ile. Barakoa ilikatika. Alimwona Dokta wake, uso umefunikwa damu, anaanguka kwa nyuma, na basi likaingia ndani ya hospitali.

"Mungu wangu," alisema Kiberiti. Akakimbilia getini.

"Unakwenda wapi?" wenzake walipiga kelele. "Msaliti! Kiberiti msaliti!" Fimbo ilimchapa mgongoni, ya mtu aliyekula naye sahani moja jana yake. Hakugeuka.

Chumba cha majeruhi kilikuwa vurugu tupu. Wageni waliokuja na basi walikuwa wakifungua makabati hovyo, hawajui nyuzi ziko wapi wala pamba iko wapi, na mmoja alikuwa analia. Dokta alikuwa amekaa kitandani, amebana kichwa kwa shati, damu inapita katikati ya vidole. Kiberiti aliwasukuma wote, akanawa mikono, akavaa glavu, akachukua sindano na uzi mahali pake.

"Dawa ya ganzi imekwisha tangu wiki iliyopita," alisema bila kumtazama machoni.

"Shona hivyo hivyo."

Alichoma sindano. Dokta aliuma meno, akashika ukingo wa kitanda mpaka chuma kikalia.

"Mwongo mkubwa wewe," alisema Kiberiti, machozi yanamtiririka. "Wapenzi wote duniani, na mimi nikaangukia wewe! Unakwenda kula jasho letu, tena kimya kimya!"

"Nilikupigia."

"Ungekuja!"

"Niliitwa alfajiri, nikaambiwa nipande basi au niache. Miaka yote hii, Kiberiti. Nimechoka kuwaeleza watu kwamba mimi ni muuguzi. Nilitaka kwa mara moja niingie kwenu nikiwa muuguzi, mama yako anione."

"Meno ya mwenzangu yako pale barabarani!"

"Sikujua. Aah! Taratibu, mama."

Alivuta uzi, akafunga fundo, akachoma tena.

"Jiwe lilikuwa langu," alisema.

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuona unaliinua. Ndiyo maana nikafungua dirisha. Nilisema moyoni, ukiyaona macho yangu, hutarusha."

Kiberiti alishindwa kuendelea. Aliegemeza paji lake kwenye bega la Dokta akalia kwa sauti, glavu zake za damu amezinyoosha mbali zisimguse.

Mlango ulifunguliwa kwa teke. Aliingia wakala na marashi yake, nyuma yake askari wawili, virungu mkononi bado.

"Huyu ndiye kijana wangu," alisema wakala. "Kijana, dereva anasema ni mwanamke aliyerusha. Wewe ulikuwa dirishani, umemwona. Mtaje, afungwe na leseni yake ya uuguzi ifutwe, wengine wajifunze. Nimekuandalia mkataba, na si wa miezi, wa kudumu. Mtaje tu."

Kiberiti aliinua kichwa. Alikuwa tayari kusema mwenyewe, alishafungua mdomo. Dokta alimshika kifundo cha mkono, akakibana.

"Afande," alisema Dokta, "hapa hakuna kesi."

"Kichwa kimepasuka, unasema hakuna kesi?" Askari mkubwa alimtazama Kiberiti, kanga yake ya damu, vumbi la mawe kwenye nguo zake. "Na huyu ni nani?"

"Mke wangu. Tumegombana. Ni mambo ya nyumbani."

"Mlikuwa mnagombana ndani ya basi?"

"Yeye alikuwa nje. Tunagombana popote, afande. Mimi silalamiki, na bila mlalamikaji utaandika nini?"

Wakala alicheka kwa hasira. "Unajua unachokitupa, mpumbavu wewe? Ukitoka hapa hakuna hospitali itakayokugusa. Nitahakikisha. Rudi kwenye nyama zako!"

"Nitarudi," alisema Dokta, na ilimuuma kweli. "Niache kwanza nishonwe."

Askari mkubwa aliwatazama wote wawili, akautazama mkono wa Dokta ulivyoshika ule wa Kiberiti, akaweka kirungu kwapani. "Hata mimi nina mke," alisema, bila kueleza zaidi. Wakala aliondoka akibamiza mlango; askari wakabaki pale mlangoni, wanasubiri ghasia za nje zipoe.

Kiberiti aliokota sindano nyingine, akatia uzi.

"Umesema mke," alinong'ona.

"Nimesema."

"Huna kazi. Nami nikitoka hapo nje naitwa msaliti. Mama atatufukuza sote."

"Atufukuze pamoja."

"Na wazee hukuleta! Ndoa gani hii, bila hata shahidi?"

Dokta aligeuza jicho lake moja lililokuwa zima kuelekea mlangoni. "Mashahidi si wale wawili pale? Virungu wamekuja navyo wenyewe."

Askari mdogo alicheka, akajifanya anakohoa. Kiberiti alimtukana Dokta tusi moja ambalo siwezi kulirudia hapa, akambusu kwenye shavu lisilo na damu.

"Ndiyo," alisema. "Sasa geuka huku, nimebakiza pabaya."