Boya Lililosema Mashariki

Kamba ya boya ilijisokota kwenye panga la injini, na boti ikakwama katikati ya Ziwa Rukwa huku dhoruba ikiwafikia. Sufiani, nahodha, aliinama kuikata. Wimbi likainua boti, kisu kikateleza na kumpasua kiganja hadi kwenye kifundo cha mkono. Alipojivuta ndani, kamba ilikuwa imekatika, na damu ilichuruzika pamoja na mvua.

Fides alivua mtandio wake, akaufunga juu ya jeraha, akaukaza kwa meno. Injini haikuwaka tena.

Walikuwa wametoka mwalo wa wavuvi wa upande wa Songwe alfajiri kwenda kulitoa boya bovu la kupimia mkondo. Hivyo ndivyo Fides alivyoandika kwenye ripoti yake: bovu. Alikuwa na miaka ishirini na minne, ameajiriwa na mradi mdogo wa utabiri wa ziwa wenye ofisi Tunduma, na aliamini kwa moyo wote kwamba siku moja hakuna mvuvi atakayezama kwa kutojua. Kila asubuhi kompyuta yao ilikadiria upepo na mkondo, kisha ikajisahihisha kwa vipimo vya satelaiti na vya boya lile. Kipimo kilichopishana mno na makadirio kilitupwa kama hitilafu. Kwa siku tisa boya lilisema maji yanakwenda mashariki. Kompyuta ilisema magharibi. Fides akavitupa vipimo vya boya.

Dhoruba ilipotulia, saa nne asubuhi, walibaki na kasia moja na chupa moja ya maji. Ya ziwa yana magadi, hayanyweki. Simu haikuwa na mtandao, lakini ilihifadhi utabiri wa siku hiyo na bado ilionyesha mahali walipo. Fides alimweleza Sufiani kwamba wasijichoshe, mkondo utawafikisha ufuo wa magharibi kabla ya adhuhuri. Wakangoja. Jua likawachoma. Sufiani alikunywa mafunda mawili, akakataa la tatu.

Saa sita Fides alitazama simu, akaizima, akaiwasha tena. Walikuwa wamesogea kilomita tatu mashariki.

"Imeingia maji," alisema. "Haisomi vizuri."

Sufiani alifumbua macho. Mtandio ulikuwa umelowa wote. "Boya bovu. Simu nayo mbovu. Bado mimi tu, mwanangu."

"Pumzika, baba."

"Nipumzike mpaka lini? Vidole sivisikii."

Fides aliitazama tena simu, na hapo akaelewa. Mvua za milimani zilikuwa zimeujaza Mto Momba, na mto ndio uliokuwa ukiyasukuma maji. Mawingu yalikuwa yameiziba satelaiti wiki nzima. Boya peke yake ndilo lililojua, naye amemleta mtu mzima huku kuling'oa. Alitaka kulia, lakini machozi nayo ni maji.

Alishika kasia. Mkondo wa mashariki ungewasogeza karibu na mwalo waliotoka, kisha, kwa jinsi alama za safari yao kwenye simu zilivyopinda, ungewageuza kaskazini kwenye maji mapana. Ilibidi watoke kwenye mkondo huo mapema. Alipiga kasia akielekeza boti kusini kidogo. Kila nusu saa alitazama walipofika, akapima walivyokosea, akageuza tena. Malengelenge yalipasuka viganjani. Sufiani alihesabu mapigo ya kasia kwa sauti ili asizimie, akipotea kwenye hamsini, akianza upya.

Alasiri boti iligusa mchanga. Tabu, mama mmoja aliyekuwa akianika kambare, ndiye aliyewaona, akaita bodaboda ya kumpeleka Sufiani zahanati. Walipomketisha kati ya dereva na kijana wa kumshikilia, Sufiani alikunja kidole kimoja, polepole, kikakubali.

"Mtabiri," akamwita Fides, "kesho kuna upepo?"

"Sijui, baba."

"Leo umesema vizuri."

Pikipiki ikaondoka. Tabu alimletea Fides uji, naye akaupokea, akaketi mchangani bila nguvu ya kuondoka.

"Mama," akauliza, "msimu huu maji ya hapa huwa yanakwenda wapi?"

Tabu akaacha samaki wake, akaketi, akaanza kumweleza.