Posa Kutoka Ifunda

"Mwizi! Mwizi huyo! Mkamateni!"

Soko la Mwanjelwa lilikuwa limefurika. Kijana mrefu mwenye jaketi la ngozi alikuja mbio kati ya meza za nyanya, kwapani amebana mkoba mwekundu wa kike. Watu wakampisha. Tumpe hakumpisha. Alikuwa mlangoni mwa kibanda chake cha vitenge, mkononi ana fimbo ya kupimia kitambaa. Akamchapa nayo miguuni, kijana akaanguka kifudifudi juu ya majora.

"Kata! Kata!" sauti ikalia nyuma. "Dada, umetuharibia sini!"

Tumpe akageuka akaona kamera na watu wake wamenuna. Aliyeanguka ndiye alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Dada, hata polisi wa kweli hawajanipiga hivi."

"Mtu mzima unakimbia na mkoba wa mwanamke, nikuombee dua?"

"Ungeniuliza kwanza."

"Mwizi gani anaulizwa?"

"Basi nifunge mguu kwa kitenge, umeuvunja wewe."

"Vitenge vinauzwa hapa, kaka. Havigawiwi."

Wachuuzi wakaangua kicheko, na hapo ndipo wakamtambua. Alikuwa Aroni Kalinga, kijana wa Iringa, yule ambaye kwenye filamu akipiga magoti mbele ya mama yake unalia na wewe. Machozi yalikuwa yanamtoka akiyaita, bila kitunguu wala dawa. Siku hiyo alimtazama Tumpe, gauni lake la njano lililomkaa vizuri kiunoni, nywele amesuka mistari, uso bado una hasira, akasahau kurudisha mkoba kwa mwenyewe.

Jioni simu ya Tumpe ikaita.

"Mguu unaniuma."

"Nani kakupa namba yangu?"

"Mama muuza ndizi. Nimemwambia nakudai matibabu."

"Meza panadoli, ulale."

"Panadoli haitibu moyo, Tumpe."

"Maneno ya filamu hayo. Nimeshayasikia."

"Haya, nifundishe ya kwenu Iyunga."

Basi akamfundisha. Wakawa wanaongea kila siku, Aroni yuko Iringa au Makongolosi kwenye mashimo ya dhahabu wakirekodi, Tumpe yuko kwao Iyunga anapepeta mchele simu ameibana begani. Akimwita "Bosi wa Vitenge," Tumpe anamwita "Mwizi wangu." Akipita Mbeya walikuwa wanakula chipsi mayai Mwanjelwa, watu wakiomba kupiga naye picha, naye anasema, "Pigeni, lakini mke wangu awe katikati." Neno mke lilimwingia Tumpe kama asali.

Siku moja Tumpe alimpigia simu, ikapokelewa na mwanamke.

"Nani mwenzangu?" yule mwanamke aliuliza, taratibu, kama mtu aliye kwake.

Tumpe akakata. Akaifungia namba ya Aroni asimpate tena. Akauza vitenge uso umevimba, wateja wakimuuliza anasema ni mafua. Aroni akaja mwenyewe kutoka Iringa, akasimama mbele ya kibanda kwenye mvua, jaketi limelowa chapachapa.

"Yule ni dada yangu, Violet. Tumpe, utaniacha kwa sababu ya dada yangu?"

"Dada gani anapokea simu kwa kujiamini hivyo?"

"Dada mkubwa! Wewe huna dada? Sikiliza. Nimechoka kuulizwa. Nawaleta wazee kwenu. Nikiwaleta wazee, utaamini?"

Akalia. Tumpe naye akalia. Akamfungulia namba.

Wazee wakaja kweli. Baba mdogo, Jailos, suti ya kijivu na kofia ameishika mkononi. Shangazi, Matilda, amevaa batiki na kilemba kirefu. Walikaa sebuleni Iyunga kwa adabu, wakasema wametumwa na Mzee Kalinga wa Ifunda, kule Iringa, wameona ua kwenye nyumba hii. Wakazungumza vizuri mno. Mjomba wa Tumpe, Saulo, alikuwa anatikisa kichwa kwa raha.

"Na wazazi wenyewe mbona hawakuja?" aliuliza mama yake Tumpe.

"Kaka ana presha, mama," alisema Jailos.

"Na wifi yangu anamuuguza," alisema Matilda, na machozi yakamdondoka. "Anatamani sana kumwona mkwe wake kabla hajazeeka."

"Basi kabla hatujapokea kitu, mimi nitakwenda Ifunda kuwajulia hali."

Jailos akaigeuza kofia mkononi. Tumpe akamvuta mama yake jikoni.

"Mama, unataka kunivunjia! Utakwenda kukagua nyumba za watu kama bwana afya?"

"Mwanangu, ndoa ni ukoo. Nataka kuuona."

Saulo naye akaingia. "Dada, kijana kama huyu unampeleleza? Nchi nzima inamjua."

"Nchi inamjua yeye. Mimi nawataka wanaomjua."

"Watakuona mshamba, dada. Wakiondoka na hasira, nani atamwoa?"

Mama aliogopa kuitwa mshamba, aliogopa zaidi kumwona mwanae analia. Akarudi sebuleni akapokea posa. Aroni, aliyekuwa anasubiri nje, akaitwa akamvisha Tumpe pete, vigelegele vikasikika mpaka barabara kuu.

Pete ikampa Tumpe ujasiri. Mimba ikaingia.

"Mwizi wangu, umeniibia kweli safari hii," alimwambia kwenye simu.

Aroni akacheka, halafu sauti ikamkatika. "Nikitoka Dar nakuja kwenu moja kwa moja. Kuna jambo nataka tuongee, ana kwa ana."

"Jambo gani?"

"Nikija, mpenzi. Kula vizuri."

Hakufika. Basi alilopanda lilipinduka kwenye mlima Kitonga. Tumpe alisikia redioni, anamkunjia mteja kitenge, mtangazaji anasema tasnia ya filamu imempoteza kijana aliyekuwa anaanza tu kung'ara. Hakulia. Alipiga simu yake, akapiga tena. Haikupatikana.

Msiba ulikuwa Ifunda. Tumpe na mama yake walishuka kwenye basi wamevaa vitenge vyeusi. Uwanja umejaa. Vijana wana fulana zenye picha ya Aroni akitabasamu, wanawake wanasimuliana sini zake wakijifuta macho. Mama akamwendea mwanamke aliyekuwa mlangoni.

"Kamwene, dada. Poleni na msiba. Sisi ni wakwe, tumetoka Mbeya."

Yule mwanamke akawaangalia. "Wakwe wa upande gani, mama? Wakwe wameshafika. Wako ndani na binti yao."

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, kwenye mkeka, alikaa mwanamke kijana amefungwa kitambaa cheupe kichwani, mtoto mdogo amelala pajani.

"Karibuni, mama," alisema mjane. "Nani wenzangu?"

Tumpe aliijua sauti ile, ndiyo ya kwenye simu. Akarudi nyuma, akamkanyaga mama yake.

Nje kipaza sauti kikaguruma. "Mimi Jailos, mwenyekiti wa kikundi chetu cha maigizo, kwa niaba ya wasanii wenzangu..." Suti ilikuwa ile ile ya kijivu. Matilda yupo nyuma yake ameshika mashada. Alipomaliza, Tumpe na mama yake wakawafuata mpaka nyuma ya turubai.

"Baba mdogo! Hujambo mkwe wangu?"

Jailos akabadilika rangi. "Mama, taratibu, tafadhali."

"Wewe ni ndugu yake?"

"Aroni alituomba. Alisema mambo ya nyumbani anayamaliza mwenyewe. Mimi nilipewa sehemu, mama. Nikaicheza."

"Na wewe shangazi? Yale machozi?"

Matilda alitazama chini. "Nisamehe, mama. Ndiyo kazi yangu."

Kipaza sauti kikaita wasanii waliotoka Mbeya. Jailos akamsukumia Tumpe shada. "Dada, nakusihi. Liweke kama mwenzetu. Watu wasijue, mjane asiaibike. Dakika moja tu, igiza."

Tumpe aliliangalia lile shada. Akiliweka, basi yeye ni msanii wa Mbeya, na mtoto tumboni hana kwao. Akamrudishia.

"Mimi sijui kuigiza, Jailos. Ningejua, nisingefika hapa."

Akasubiri kaburi lifunikwe, watu wapungue. Ndipo akamwendea mzee aliyekaa kwenye kiti cha mbao, mwenye uso wa Aroni. Mzee mwenye afya yake. Akapiga magoti.

"Shikamoo baba. Naitwa Tumpe, wa Iyunga. Watu walikuja kwetu kuposa kwa jina lako. Nina mimba ya Aroni."

Mzee Kalinga akavua kofia akaiweka gotini.

"Mimi sikumtuma mtu, binti yangu. Ningeulizwa ningesema. Mbona hamkuja kuniuliza?"

Mama yake Tumpe naye akapiga magoti pembeni ya mwanawe.

"Mkwe wangu ni yule aliye ndani," alisema mzee. "Nilimwozesha kanisani mwenyewe. Wewe siwezi kukuita mkwe. Lakini akizaliwa, mlete nimwone. Akiwa damu yangu, sitamkana. Njoo na mama yako. Mje mchana, watu wakiwaona."

Barabarani, wakisubiri basi la kurudi, Tumpe alivua pete akaifunga kwenye pindo la kitenge.

"Mama, alikuwa anakuja kuniambia ukweli?"

"Sijui, mwanangu."

"Alinipenda?"

"Hilo pia kaondoka nalo."

Kutoka Mbeya mpaka Ifunda ni basi moja tu. Unapanda asubuhi, mchana umeshafika, na mtu yeyote utakayemuuliza pale stendi atakuonyesha nyumba ya Mzee Kalinga na kukuambia mke wa Aroni yuko nyuma anaanika mahindi. Wenye mabinti, pandeni hilo basi. Wakwambie mshamba, panda. Panda wakati wa posa, usisubiri msiba.