Kiini Kipya cha Kalundu

Mlinzi alikufa akiwa bado anachagua ndagala.

Risasi ilipenya katikati ya samaki, kutoka kwenye bastola ya Makarov yenye kiwambo cha kuzuia sauti iliyolala chini ya beseni. Blandine, aliyejifanya muuza samaki, alimburuta nyuma ya mapipa ya mazutu, mafuta ya dizeli, akafuta mikono kwa kitenge. Jua la mchana liliichoma bandari ya Kalundu, na wapagazi waliendelea kumega fufu yao.

Amri ya Idara ya ujasusi ilikuwa fupi.

"Pontien anabadilisha kiini. Mzuie."

Mwaka huo wa 2002, Pontien ndiye aliyewauzia silaha wote waliotaka kuua kandokando ya Tanganyika. Boti zake aliziongoza kwa kompyuta iliyounganishwa na redio. Idara ilikuwa imepata ufa kwenye kiini cha kompyuta hiyo, ile programu ya chini kabisa inayozibeba nyingine zote, na kwa miezi mingi ilisikiliza kila neno. Kisha jamaa akanusa. Akamteka Octave, mwalimu wa kompyuta, akamwamuru auhamishe mfumo wake huria, programu zote kama zilivyo, juu ya kiini kingine. Ni kama kuhamisha nyumba nzima, sufuria kwa sufuria, kwenda kwenye msingi mpya. Akifaulu, Idara ingekuwa kiziwi, na roketi zilizokuwa zikija kwa boti zake zingeangukia soko la Luberizi.

Blandine aliusukuma mlango wa depo, ghala la Pontien.

Octave alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ya Toshiba. Midomo imevimba. Vidole viwili havikuwa na kucha.

"Weye nani?"

"Idara. Kazi imefika wapi?"

"Iko imeisha, dada. Asubuhi."

Blandine alikuwa amechelewa. Aliielekeza bastola kwenye mashine.

"Usiipige. Ile kufuli ya ujumbe haiko na nguvu."

"Eleza."

"Kufuli inaomba kiini namba mpya za kubahatisha, kila mara. Hiki kiini hakiko nazo bado. Miye niliweka faili ya uongo, namba zile zile kila siku, ili programu ikubali kujengwa. Sisi wahamishaji tunafanyaka vile. Kitu kikikataa, unaziba kwanza, kisha unarudia. Pontien hakunipa siku ya kurudia."

Alimpa disketi. Namba zote zilikuwa humo, funguo za kila ujumbe.

"Sasa unipeleke. Muke wangu Émérance iko ananingoja Runingu, kando ya barabara, na valizi ya kijani ya manguo. Tunavuka mupaka leo."

Blandine aliinua redio yake ya Motorola.

"Kituo. Kiini kibaki, tutawasoma. Natoka na fundi."

"Hapana. Fundi akitoroka, Pontien ataishuku mashine."

"Na akibaki?"

"Watamkamua, atasema. Muue. Wataamini tulichelewa, wataitumia leo leo."

"Mtu huyu ametusaidia, Kituo."

"Nimesikia. Tekeleza."

Idara haijawahi kujifunza kusema asante.

"Banasema nini?" Octave aliuliza.

"Banasema uvae viatu."

Alitabasamu kwa midomo ile iliyopasuka, akainama. Kamba zilimshinda, kwa vidole vile. Blandine alimsubiri kidogo, kisha akampiga risasi ya kisogo.

Skrini aliipiga mbili. Diski ya ndani, yenye programu, hakuigusa. Ilionekana kazi ya muuaji mwenye haraka, asiyejua kompyuta.

Pontien alipofika na gari la Hilux, Blandine alikuwa gatini na beseni lake. Alimsikia akicheka mlangoni.

"Baliogopa hii mashine mpaka baliua mutu. Leteni skrini ingine. Tunaanza."

Walianza. Idara ilisoma kila ujumbe kama mtu asomavyo kibao cha duka. Boti ziliteketezwa katikati ya ziwa pamoja na roketi zake, Pontien akiwa katika ya kwanza. Waliorukia majini walipiga kelele mpaka wakanyamaza, na hakuna aliyetumwa kuwaokota.

Kesho yake soko la Luberizi lilijaa watu na mchele.

Blandine alipita Runingu kwa miguu. Kando ya barabara mwanamke alikuwa amekalia valizi ya kijani.

"Dada, unatoka Kalundu? Hukumuona mwalimu Octave?"

"Sikumuona, mama."

"Basi iko mu njia."

Blandine alijichukia. Alitengeneza beseni kichwani, akashika barabara ya Bukavu kwa mwendo ule ule, na hakugeuka nyuma.