Alama ya Mkono

Kila asubuhi Nsimire alichemsha sabuni ya mawese nyuma ya nyumba yao, mtaa wa Nyakabiga. Vita viliwatoa yeye na mumewe Uvira, vikawakuta tena Bujumbura. Sabuni ndiyo iliyowalisha watoto wao watatu.

Mwaka 2002 sabuni ikaacha kununuliwa. Mtu mmoja alileta sokoni sabuni mbichi, isiyokauka, yenye soda kali. Ikawachoma wanawake mikono. Sabuni zote zilifanana, kwa hiyo hata ya Nsimire ikakimbiwa.

"Tukikosa wateja wiki mbili tena, watoto watakula nini?" akasema Nsimire.

"Wacha! Mi nitauza," akajibu mumewe, Birindwa.

Akaazima kipaza sauti, akasimama sokoni.

"Sabuni! Inaponyesha upele! Siku tatu tu!"

Jamani, Birindwa! Nani alikuambia hayo? Lakini watu walinunua. Siku ya nne mama mmoja, Daphrose, akarudi na mtoto anayejikuna. Akaitupa sabuni mezani.

"Upele iko palepale! Mulinidanganya!"

Wateja wakatawanyika. Nsimire aliona haya mpaka machozi yakamtoka.

"Unisamehe, mama," akasema. "Mupeleke mutoto kwa daktari."

Jioni walimweleza Zubeda, jirani yao. Yeye alikuwa akisoma matangazo kwenye redio.

"Birindwa, kipaza sauti si kibaya. Uongo ndio mubaya," akasema Zubeda. "Sabuni yenu iko na uzuri gani wa kweli?"

"Haichomi," akajibu Nsimire. "Mi naiacha ikauke wiki tatu."

"Basi museme hilo tu. Lakini mutu ataijuaje, na zote zinafanana? Muipe jina na alama. Wengi sokoni hawasomi, lakini alama wataijua. Na musiibadilishe kila siku."

"Na redio je?" akauliza Birindwa.

"Siku hizi kila nyumba inafungua redio jioni, kusikia barabara gani iko salama. Tangazo la wakati ule linafika mbali kuliko koo yako. Museme jina, uzuri wa kweli, na mahali munauzia."

Birindwa akainama. "Na ule uongo wangu?"

"Tutausema pia," akasema Nsimire. "Kazi hii hatuiachi, na hatuifanyi kwa kudanganya."

Birindwa akachonga muhuri wa mti wenye umbo la mkono. Wakaugandamiza kwenye kila kipande kikiwa bado laini. Wiki tatu baadaye, Zubeda akasoma redioni:

"Sabuni Mkono haichomi. Haiponyeshi upele, tulikosea kusema hivyo, mutusamehe. Njooni sokoni Nyakabiga. Mujaribu kwanza, kisha mununue."

Kesho yake Nsimire aliweka beseni la maji mezani. Watu walisimama mbali. Hakuna aliyesogea.

Kisha Daphrose akaja.

"Nimesikia mukiomba samahani mbele ya muji muzima," akasema.

Akanawa polepole, mpaka viwikoni. Wote wakamtazama. Akangoja kidogo, akaitazama ngozi yake.

"Kweli, haichomi."

Akachukua kipande, akatafuta alama kwa kidole.

"Tangu leo, bila mukono huu, apana. Sinunui."

Saa sita mchana meza ilikuwa tupu. Nsimire akamtuma Birindwa akarudishe kipaza sauti cha watu. Yeye mwenyewe akaenda nyumbani kuwasha moto wa sabuni.