Pete Ukingoni mwa Guayas

Mwanamume ambaye Nayeli Quimí hakumfahamu aliingia kwenye video yake akiwa na dirisha la chuma begani, jasho likimchuruzika, akauliza njia ya kutokea. Nayeli, katika gauni lake la njano, alikuwa katikati ya soko la mji wa Guayaquil akijirekodi, akiwafundisha wanafunzi wake kusema "zito" kwa Kiingereza.

"Kaka, umeniharibia video."

"Pole, mwalimu. Lakini hili ni zito kweli. Jaribu kulibeba."

Nayeli aliirusha video mtandaoni vilevile. Darasa lililokuwa likisahau maneno likalishika neno lile. Basi yule mbeba dirisha, fundi wa kuchomelea Wellington Tomalá, akawa mwigizaji wake, halafu mpenzi wake.

Ikafika zamu ya neno "kukataa". Walipanga Wellington apige goti kama anayeposa, atoe pete ya waya, Nayeli akatae. Walirekodi ukingoni mwa mto Guayas, Wellington kavaa shati jeupe lililopigwa pasi. Sauti ilimtetemeka. Nayeli akamsifu moyoni kwa kuigiza vizuri, akatamka neno, akacheka. Kufika jioni mji mzima ulikuwa unaitazama.

Wellington akaacha kupokea simu. Siku moja simu ya Nayeli ilipokelewa na dada yake Wellington, Maribel.

"Wifi, pete hukuiangalia?"

"Ile ya waya?"

"Ya marehemu mama. Alidhani ukiiona utajua haigizi."

Nayeli akaifungua video, akaikuza. Dhahabu.

"Mpe simu, nakuomba." Akasikia pumzi upande wa pili. "Mpenzi, sikuiona. Naapa."

"Wateja wanakuja karakana kunipigia goti, Nayeli. Wanalitamka neno lako vizuri kabisa. Umewafundisha."

"Nifanye nini?"

"Ifute."

Asubuhi ileile mkuu wa shule alikuwa amemwambia mkataba wake utaongezwa kwa sababu ya video ile. Wakaguzi wangekuja Jumatatu kuiona.

"Leo, kabla hujafunga karakana," alisema. "Nakuahidi."

Alimpigia mkuu kwanza. Yule mama hakugomba. "Ukiifuta, mwanangu, sina cha kukutetea nacho." Jibu hilo Nayeli alimwambia Maribel peke yake.

Karakana ilinuka chuma kilichoungua. Wellington alivua miwani ya kuchomelea. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa moshi peke yake. Nayeli akamwonyesha simu.

"Maribel kaniambia kuhusu kazi yako," Wellington akasema. "Iache tu. Watu wameshaihifadhi, nakala zitabaki."

"Yangu haitabaki."

"Nayeli, mimi siwezi kukuposa tena. Labda nisiweze kabisa."

"Sikuja ili unipose."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Nilikuahidi."

Simu ikamuuliza kama ana hakika. Aliwaona akilini wanafunzi wake wakimsubiri Jumatatu, na mtu mwingine akiingia darasani badala yake.

Akabonyeza.